Jack Hawkins: Mwigizaji aliyebaki kwenye senema miaka 7 baada ya kupoteza sauti

Sisi tunaoishi mbali na kwetu tunajuana kwa sauti. Mama yuko Unguja, mtoto yuko Muscat, shangazi yuko Dubai, mjomba kahamia London, na kinachotuunganisha ni simu na zile sauti fupi tunazorushiana kwa WhatsApp. Hata kabla hujamuuliza mtu hali, ushaijua kwa namna alivyoitikia salamu.

Basi hebu fikiri. Mzee wenu, ambaye nyote mnamjua kwa sauti yake, anaambiwa na daktari kwamba ana saratani ya koo, na ili apone lazima aondolewe zoloto, yaani kile kiungo cha kooni kinachotoa sauti. Atapona, inshallah, lakini sauti ile hamtaisikia tena. Maisha yake baada ya hapo yatakuwaje? Na yenu nyinyi pamoja naye?

Leo tunamweleza mtu aliyefikwa na jambo hilo wakati sauti ndiyo iliyokuwa kazi yake na riziki yake. Ni mwigizaji wa Kiingereza, Jack Hawkins. Kama mzee wako ni mpenzi wa senema za zamani, mtajie Lawrence of Arabia, umuulize yule jenerali wa Kiingereza aliyemrudisha Lawrence kwa Waarabu, Jenerali Allenby. Atamkumbuka. Huyo ndiye Hawkins.

Mtoto wa mjenzi

Alizaliwa tarehe 14 Septemba 1910, Wood Green, kaskazini mwa London. Baba yake alikuwa mjenzi, si mtu wa sanaa. Kijana alianza kwa kuimba kwaya ya shule, na alipokuwa bado mtoto akapanda jukwaani. Mwaka 1924 alipewa nafasi ndogo katika tamthilia ya Bernard Shaw inayomhusu Joan wa Arc, akiwa pamoja na Sybil Thorndike, mmoja wa waigizaji wakubwa wa Uingereza wa wakati ule. Alipofika miaka 18 alikuwa ameshavuka bahari, anaigiza New York katika tamthilia ya Journey's End.

Mwaka 1932 alimwoa mwigizaji mwenzake, Jessica Tandy, yule ambaye miaka mingi baadaye, akiwa bibi wa miaka 80, alikuja kushinda tuzo ya Oscar. Walipata binti mmoja, lakini ndoa haikudumu. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, Hawkins aliingia jeshini katika kikosi cha Royal Welch Fusiliers, akapelekwa India. Huko akapewa kazi ya kusimamia maonyesho ya kuwaburudisha wanajeshi, akamaliza vita akiwa na cheo cha kanali. Huko huko akakutana na mwigizaji Doreen Lawrence. Walioana mwaka 1947 wakapata watoto watatu, na bibi huyo ndiye aliyekuwa naye mpaka mwisho.

Cheo kile cha jeshini kilimfaa sana kwenye senema. Baada ya vita watu wa Uingereza walipenda picha za vita, na Hawkins, kwa uso wake mpana na sauti yake nzito yenye kukwaruza kidogo, alionekana ofisa kweli. Mwaka 1953 aliigiza nahodha wa manowari katika The Cruel Sea, na picha ile ikamfanya kuwa miongoni mwa waigizaji waliopendwa mno nchini mwake. Mwaka 1957 akaingia katika The Bridge on the River Kwai, mwaka 1959 akawa yule mkuu wa manowari za Kirumi katika Ben-Hur, na mwaka 1962 ndiyo hiyo Lawrence of Arabia. Picha zote tatu zilishinda Oscar ya filamu bora ya mwaka. Mwaka 1958 serikali ya Uingereza ikamtunukia nishani ya CBE.

Lakini kuna picha moja ya mwaka 1952 ambayo leo ukiitazama inakugusa kwa namna nyingine. Inaitwa Mandy. Ni kisa cha msichana mdogo aliyezaliwa kiziwi, na Hawkins anaigiza mwalimu mkuu wa shule ya viziwi. Mwalimu huyo anapambana na baba wa mtoto, na babu, na wakubwa wa shule, akishikilia kwamba mtoto asiyesikia hapaswi kufichwa ndani, bali afundishwe mpaka awasiliane na wenzake. Mwisho wa picha mtoto analitaja jina lake mwenyewe. Hawkins alipoicheza nafasi ile alikuwa na koo zima, wala hakujua kwamba miaka 14 baadaye yeye mwenyewe ndiye atakayekuwa mwanafunzi.

Sigara na dalili za kwanza

Tuseme ukweli bila ya kuzunguka: marehemu alikuwa mvutaji mkubwa. Inaelezwa kwamba alikuwa akivuta kama pakiti tatu kwa siku, yaani sigara 60. Zama zile hilo halikuwa jambo la kushangaza. Waigizaji walivuta mbele ya kamera na nyuma ya kamera.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 sauti ilianza kumsumbua. Mwaka 1959, mwaka ule ule wa Ben-Hur, alitibiwa kwa mionzi ya kobalti. Watazamaji hawakuambiwa, na ugonjwa wenyewe haukutajwa kwa jina lake, ingawa yaelekea ilikuwa ni saratani tayari. Akarudi kazini. Alikuwa na hofu kwamba sauti haitamkalia muda mrefu, kwa hiyo akawa anapokea kazi kwa wingi, moja baada ya nyingine. Alicheza Zulu iliyotoka 1964, akacheza Lord Jim iliyotoka 1965.

Mwishoni mwa 1965 ikathibitika kuwa ni saratani ya koo. Januari 1966, akiwa na miaka 55, madaktari wa London walimfanyia upasuaji wakaliondoa zoloto lote.

Mwili unabadilikaje?

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu wengi wetu tunadhani mtu aliyeondolewa zoloto amepoteza sauti tu. Kumbe mambo yanayobadilika ni mengi.

Kwa kawaida njia ya hewa na njia ya chakula hukutana kooni, na zoloto ndilo linalosimama pale kama mlinzi, chakula kisiingie kwenye mapafu. Likishaondolewa, daktari huzitenganisha njia hizo mbili moja kwa moja. Chakula kinaendelea kupita mdomoni na kwenda tumboni. Lakini bomba la hewa linavutwa mbele na kushonewa kwenye tundu chini ya shingo. Tangu siku hiyo mtu anavuta pumzi kwa shingo, si kwa pua wala kwa mdomo. Na tundu hilo ni la maisha.

Sasa angalia matokeo yake. Pua ilikuwa ikiipasha hewa joto, ikiitia unyevu na kuchuja vumbi. Hewa haipiti tena huko, inaingia kifuani kavu, kwa hiyo kikohozi na makohozi huongezeka, na anapokohoa, makohozi hutokea shingoni. Kwa mtu anayeishi Ghuba, kwenye vumbi la nje na ubaridi mkavu wa eyakondishan ndani, hilo si jambo dogo. Harufu nazo hupungua sana au kupotea, kwa kuwa hakuna hewa inayopanda puani. Udi unafukizwa sebuleni, yeye hausikii. Chakula kinaungua jikoni, yeye hana habari. Ladha nayo hufifia, maana sehemu kubwa ya ladha ni harufu.

Kuoga lazima ajikinge maji yasiingie shingoni. Kuogelea baharini kama zamani ndiyo basi tena, ila kwa kifaa maalumu na mafunzo. Kunyanyua mzigo mzito kunamchosha, kwa sababu tunaponyanyua huwa tunabana pumzi kwa zoloto. Hawezi kupuliza chai ya moto. Akicheka, kicheko hakina sauti, na akilia pia.

Halafu kuna hilo la kusema. Zipo njia tatu zinazojulikana. Ya kwanza ni kujifunza kumeza hewa kidogo kwenye njia ya chakula na kuirudisha juu, mfano wa mtu anayecheua, kisha kuitengeneza kwa ulimi na midomo iwe maneno. Inataka mazoezi ya miezi, na wengine hawaiwezi kabisa. Ya pili ni kifaa cha umeme kama tochi ndogo, unakigusisha shingoni kinatetemesha nyama ya koo, unatamka, na maneno yanatoka kwa mlio mmoja kama wa mashine. Ya tatu ni kidude kidogo cha silikoni kinachowekwa baina ya njia ya hewa na njia ya chakula. Mtu anaziba tundu la shingoni kwa kidole, hewa ya mapafu inapita kwenye kidude hicho, na sauti inatoka. Kwa walio wengi hii ya tatu ndiyo inayokaribia zaidi sauti ya binadamu. Shikeni hapo, tutairudia.

Kurudi mbele ya kamera

Mtu angedhani kwamba mwigizaji aliyeondolewa sauti kazi yake imekwisha. Hawkins hakukubali. Nyumbani alisaidiwa kusema na kifaa cha kutetemesha koo. Na kazini yeye na wenzake wakapata njia: anasimama mbele ya kamera na uso wake ule ule na macho yake yale yale, anatamka maneno kwa midomo, kisha sauti ya mtu mwingine inabandikwa juu yake. Mara nyingi sauti hiyo ilikuwa ya Charles Gray, mwigizaji aliyeweza kuifuata sauti ya Hawkins kiasi cha kwamba asiyejua hashtuki. Mwengine aliyemsemea ni Robert Rietti.

Kwa njia hiyo akaendelea. Mwaka 1968 yumo katika Shalako, mwaka 1970 ni Jenerali Picton katika Waterloo, mwaka 1971 yumo katika Nicholas and Alexandra, na mwaka 1972 ni mwalimu mkuu wa shule ya Harrow katika Young Winston, senema ya ujana wa Churchill. Mwaka 1973 ikatoka Theatre of Blood. Nafasi hazikuwa kubwa kama za zamani, lakini zilikuwa kazi za kweli.

Hakuishia kuigiza tu. Alikuwa mmoja wa watayarishaji wa The Ruling Class iliyotoka 1972, akishirikiana na Jules Buck. Mwigizaji mkuu wa picha hiyo alikuwa Peter O'Toole, yaani Lawrence mwenyewe, ambaye miaka 10 nyuma alisimama mbele ya Hawkins kupokea amri. Utayarishaji ni kazi ya kupanga, kusoma, kuamua na kutafuta fedha, na akili yake ilikuwa haijaguswa na kisu.

Hili ndilo tunalotaka wasomaji wetu walishike. Wataalamu wa leo wanaowafuatilia wagonjwa kama hawa hawahesabu miaka tu ambayo mtu ameishi. Wanauliza: anakula? Analala? Anatoka nyumbani au anajificha? Anazungumza kwenye simu au anampa mtu mwingine amsemee? Yeye na mwenzi wake wanakaaje? Amerudi kazini? Kwa vipimo hivyo, Hawkins aliishi. Alikuwa na mke aliyekaa naye, kazi iliyomtaka, na wenzake waliokubali kubadilisha namna ya kufanya kazi ili asibaki nje. Kitu hicho cha mwisho ndicho kigumu kupatikana, hata leo.

Lakini tusimpambe. Hata baada ya kuondolewa zoloto, hakuacha sigara. Waliomjua wamelieleza hilo, na si ajabu kwa anayejua nguvu ya tumbaku. Pia hakuridhika na hali yake. Mtu aliyeishi kwa sauti yake tangu utotoni, kukaa miaka 7 akijiona kwenye senema huku akisema mtu mwingine, hilo halizoeleki kirahisi.

Upasuaji wa mwisho

Kutafuta sauti ya kupachika si jambo lililoanza naye. Mtu wa kwanza kufanikiwa kuondoa zoloto lote kwa sababu ya saratani alikuwa daktari Theodor Billroth, mjini Vienna, tarehe 31 Desemba 1873. Mgonjwa wake aliishi miezi tu kabla ya saratani kurudi, lakini hata katika muda huo mfupi msaidizi wa Billroth, Carl Gussenbauer, alimtengenezea kifaa cha kumsaidia kusema. Yaani tangu mwanzo madaktari walijua kwamba kumwokoa mtu na kumwacha bubu ni kazi iliyofanywa nusu.

Mei 1973 Hawkins alikubali upasuaji wa majaribio wa kumwekea kifaa cha sauti. Alikuwa na miaka 62. Hakuna aliyemlazimisha, na bila ya kifaa kile angeweza kuendelea kama alivyokuwa. Lakini alitaka kusema mwenyewe. Baada ya upasuaji akaanza kutokwa na damu. Juni akalazwa hospitali London, ikabidi aiache nafasi aliyokuwa ameandaliwa katika senema ya The Tamarind Seed. Damu ikarudi tena, na tarehe 18 Julai 1973 akafariki dunia.

Kitabu cha maisha yake alichokiandika mwenyewe kilitoka mwaka ule ule, baada ya kifo chake. Jina lake, Anything for a Quiet Life, ni msemo wa Kiingereza wa mtu anayekubali lolote mradi apate utulivu. Kwa Kiingereza neno lile la utulivu ndilo pia neno la ukimya. Alijua alichokuwa akikitania.

Sasa turudi kwenye kile kidude cha silikoni. Mwaka 1980, miaka 7 tu baada ya msiba huu, wataalamu wawili wa Indiana, Marekani, daktari wa upasuaji Mark Singer na mtaalamu wa usemi Eric Blom, walitangaza njia yao ya kutoboa kijitundu baina ya njia ya hewa na njia ya chakula na kuweka kidude kile. Upasuaji wake ni mdogo, na kidude kinabadilishwa kila baada ya muda. Leo kinatumika sehemu nyingi duniani. Hawkins alikitafuta kitu cha namna hiyo, akakikosa kwa miaka michache.

Je, alikosea? Wengine watasema angetulia tu, kazi anayo, mke anaye, anataka nini tena. Ni rahisi kusema hivyo kwa mtu ambaye anaposema husikika. Aliupima ukimya wake na hatari iliyokuwepo, akaamua. Sisi tunaweza kumsikitikia bila ya kumhukumu.

Kwetu sisi

Kwa familia zetu huku Ghuba na kwengineko, yapo machache ya kuchukua.

Sauti ikikauka au kukwaruza zaidi ya wiki tatu bila ya sababu, muone daktari wa masikio, pua na koo. Usingoje likizo ya kwenda nyumbani. Saratani ya zoloto ikigunduliwa mapema, mara nyingi inatibika kwa mionzi au upasuaji mdogo, na mtu anabaki na sauti yake. Na wale wanaokaa barazani na shisha kila usiku wakidhani maji yanausafisha moshi, basi wajue hayausafishi.

Ikiwa nyumbani yupo aliyekwisha fanyiwa upasuaji huu, watu wote wa nyumbani, hata dada wa kazi na vijana, wajue kwamba anapumua kwa shingo. Akizimia, hewa ya kumsaidia inapelekwa kwenye tundu la shingoni, si mdomoni. Abebe kadi au avae bangili inayoeleza hivyo kwa Kiarabu na Kiingereza. Muulizeni daktari kuhusu vichujio vya kuvaa juu ya tundu, vinasaidia sana kwa vumbi na kikohozi. Na muulizeni mapema kuhusu njia za kusema, kabla ya upasuaji, si baada yake.

Na simu msiache kumpigia. Mpigieni ya video ili muone midomo yake. Punguzeni sauti ya televisheni. Watoto wataogopa ule mlio wa mashine siku mbili tatu, kisha watauzoea, na wengine watataka wakichezee kifaa chenyewe. Akianza sentensi, msimmalizie. Subirini, hata ikichukua muda, mpaka babu aseme alichotaka kusema.